Pikipiki Nyekundu Ninayoisukuma

Hakuna mwanamke katika mtaa wetu anayeijua pikipiki kama mimi. Hata wanaume wazima hunisimamisha njiani waniulize habari zake.

Huniuliza, "Bibi, mbona unaisukuma?"

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nampa kwa ufupi, maana aibu yangu ni ndefu na nafasi niliyopewa ni fupi. Mimi ni mshonaji wa hospitali. Shuka ikichakaa katikati naipasua, naigeuza, pembeni panakuwa katikati, na mgonjwa analala juu yake bila kujua kalalia kiraka. Hospitali ikahamia ng'ambo ya kilima, mbali na magoti yangu. Binti yangu akaja na sanduku lake, akakaa kwangu, akaanza wimbo: niache kazi, nifunge nyumba, nikaishi kwake kwenye chumba cha nyuma, wanapoweka pasi na viti vilivyovunjika.

Nikaropoka kwamba sihitaji chumba cha nyuma, nahitaji pikipiki.

"Nani ataiendesha, Mama?"

"Mimi. Pikipiki ya marehemu baba yako niliiendesha sana. Wewe ulikuwa hujazaliwa."

Ukweli, wasomaji wangu, ni kwamba nilikaa nyuma, miguu yote upande mmoja, macho nimefumba.

Kaka yake aliye mbali, mwenye huruma kupita akili, akapiga simu: Mama achague anayoitaka, ataletewa. Binti yangu akaweka sharti lake mezani kama sahani.

"Sawa. Lakini siku nitakayojua huiwezi, siku hiyohiyo tunafunga mlango huu unakuja kwangu. Hakuna kulia wala kuumwa ghafla. Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua anachokifanya.

Mliniacha mlangoni mwa duka la pikipiki, nimekumbatia mkoba. Haya, tuingie.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye viatu vya ncha kali.

"Shikamoo, Bibi. Mnamtafutia mjukuu?"

"Marahaba. Namtafutia mwanamke mmoja mrembo sana," nikamjibu. "Unaongea naye."

Akanitazama. Akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama dari.

"Ni ya kwendea kazini, Bibi, au ya matembezi?"

"Zote mbili. Siku za kazi inifikishe, Jumamosi inipeperushe."

Akacheka, akanipeleka kwenye kona. Pale ilikuwapo moja ndogo, ya chini, rangi ya maziwa, ina kikapu mbele na kiti kipana cha kukalia mtu na heshima zake. Inawashwa kwa kubonyeza kidole. Haina gia za kubadilisha.

"Kaa, Bibi. Jambo la kwanza ni miguu ifike chini. Hayo mengine yote mtu hujifunza, lakini miguu hairefushwi."

Nikakaa. Miguu ikafika, kisigino na vidole. Ilinikaa kama kandambili ya siku zote. Tungeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia.

Binti yangu akapiga makofi. "Eeh, hiyo ndiyo. Hiyo ya wazee."

Wazee! Nikashuka kama niliyekalia mkaa.

Dirishani ilisimama nyingine. Nyekundu, ndefu, matairi yana meno, mbele imejiinua kama jogoo anayetaka kuanza ugomvi.

"Ile," nikasema.

"Bibi, ile ni ya milimani. Vijana wanaipanda kurukia mashimo."

"Kwani mashimo ya vijana ni yapi na ya wazee ni yapi? Nipe ile."

"Basi njoo ukae kwanza, tuione."

"Sina haja ya kukaa. Mimi napima kwa macho."

Hapo nakuomba, msomaji, utazame pembeni kidogo. Maisha yangu yote nimewafokea watu wasichukue nguo bila kuivaa. Nimewavua makoti wanaume wazima mbele ya wake zao, nikawarudisha ndani wakavae tena suruali. Na siku hiyo moja ya kupima kitu changu mwenyewe, nikapima kwa macho.

"Mama, una hakika?" binti yangu akaninong'oneza.

"Ulikuwa hujazaliwa," nikamjibu. Siku hizo ndilo lilikuwa jibu langu la kila swali.

Gari la duka likaileta hadi uani. Binti yangu alipotoka kwenda sokoni, nikafunga geti nikaijaribu. Kiti kilinifika mbavuni. Nikachukua ndoo ya bombani, nikaipindua, nikasimama juu yake, nikafanikiwa kukaa. Miguu ikaning'inia kama soksi kwenye kamba.

Pikipiki ikaanza kuinama. Taratibu, kwa adabu kabisa, kama inayoniinamia kunisalimu. Nikaikumbatia tangi. Tukalala wote wawili kwenye maua.

Hakuna aliyeona isipokuwa kuku. Kukinyanyua kile kitu nilitumia nguvu ambazo nilidhani nilizimaliza siku ya kumzaa huyo binti.

Ningesema jioni ile, kingekuwa kicheko cha siku moja. Sikusema.

Asubuhi nikavaa kofia yangu ngumu, nikaishika pikipiki usukani, nikaisukuma getini. Binti yangu alikuwa dirishani na kikombe chake.

"Mbona huiwashi, Mama?"

"Jirani ana mtoto mchanga. Nitaiwasha huko kwenye kona. Wengine tumefundishwa adabu."

Kwenye kona ndipo alipo fundi seremala, yule wa vitanda na milango. Mtu mzima mwenye koti kubwa la vumbi la mbao na miguu mirefu kama ngazi. Aliniona natokwa na jasho, akaweka randa chini.

"Shikamoo, Bibi. Imeharibika?"

"Marahaba, mwanangu. Haijaharibika. Mimi ndiye nimeharibika."

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa kwenye kitanda ambacho hakijapigiliwa, kikamwangusha, akaendelea kucheka akiwa chini. Kisha akaichukua pikipiki, akaiingiza nyuma ya rundo la mbao, akaifunika turubai.

"Siri yako imelala hapa, Bibi. Ila niachie funguo. Pikipiki isipowashwa betri inakufa. Nitakuwa naiwasha kidogo."

"Kidogo tu."

"Kidogo tu, Bibi."

Shikeni hilo neno lake, tutalihitaji.

Kuanzia siku hiyo nikawa nakwenda kazini kwa njia ya mkato nyuma ya maghala, kwa miguu, kofia kichwani. Watoto wa shule walinikimbilia wakiuliza pikipiki iko wapi. Nikawaambia imetangulia.

Hospitalini yule mama mpiga pasi alinipokea kila asubuhi kwa vigelegele.

"Mwendokasi huyo! Leo umekuja na mwendo gani, dada?"

"Sikuangalia. Upepo ulinijaza machozi."

"Mbona unachechemea?"

"Upepo huo."

Nikikaa kwenye cherehani navua viatu chini ya meza, napeana pole na magoti yangu. Jioni narudi kwa fundi seremala, naichukua, naisukuma hadi nyumbani.

"Umezima kwenye kona tena?" binti yangu huuliza.

"Mtoto mchanga."

"Huyo mtoto hana saa ya kuamka?"

"Watoto wa siku hizi wamezidi usingizi."

Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu, maana nilikuwa nimejigamba kwamba Jumamosi napeperuka. Basi naaga asubuhi, naiacha pikipiki kwa fundi, naingia hospitali kwa mlango wa nyuma, najifungia kwenye chumba cha kushonea. Siku hiyo hakuna anayeingia humo. Najilaza juu ya rundo la shuka zinazosubiri viraka, na kofia naifanya mto. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi yangu.

Jumamosi iliyopita, nikiwa humo, nilisikia nje mngurumo, kishindo, na watu wakipiga kelele. Nikavuta shuka nikajifunika kichwa. Mtu aliyejificha hatoki nje kuuliza kuna nini.

Jioni nikaisukuma pikipiki nyumbani. Fundi alinikabidhi bila utani wowote, akasema ana haraka. Nami nilikuwa na njaa, sikumwuliza kitu wala sikuitazama pikipiki yenyewe. Binti yangu ndiye aliyeitazama. Aliinama pale uani, akagusa tairi.

"Mama, tope hili la wapi?"

Nikatazama. Matairi yamejaa tope hadi kwenye waya zake, na jingine limerukia kitini. Kidogo tu, alisema yule mtu. Kidogo tu!

Mwanamke mwenye akili angekasirika. Mimi nililiona lile tope nikalitamani. Nililichukua likawa langu.

"La mtoni," nikasema.

"Ulifika mtoni?"

"Mpaka ukingoni. Maji yamejaa, usiseme."

"Peke yako?"

"Mimi na Mungu. Na yeye nadhani aliogopa."

Nilidhani atacheka. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, akafunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika.

"Nisamehe, Mama."

"Nini tena?"

"Kila asubuhi nasimama dirishani nasema, mama yangu ananidanganya. Nilikuja kwako na neno la kukuvunja moyo, si la kukusaidia. Nilitaka uje kwangu ili mimi nipate usingizi, basi. Na wewe unafika mpaka mtoni." Akajifuta. "Jumatatu narudi kwangu. Nyumba yako ni yako, kazi yako ni yako. Sitalitaja tena."

Nilikuwa nimeshinda. Nyumba yangu, cherehani yangu, mlango wangu, vyote vimebaki mikononi mwangu.

Akaenda bombani akajaza ndoo, akachukua kitambaa, akaanza kuipangusa pikipiki. Aliipangusa waya moja moja, akiimba polepole, kama alivyokuwa akiimba utotoni akioshwa miguu. Nami nimesimama pembeni namtazama mwanangu akipangusa tope la mtu mwingine.

Nimedanganya watu wengi katika umri huu, na kwa kweli wengine walistahili. Hakuna uongo ulionikaa tumboni kama ule.

Nikajiambia nitamweleza tukishakunywa chai. Chai ikaisha. Nikajiambia nitamweleza tukishaosha vyombo. Vyombo vikaoshwa, vikakauka, vikapangwa kabatini, na mimi bado nautafuta mwanzo wa sentensi.

Jumapili mchana, sanduku lake likiwa limefungwa nusu, mtu akapiga hodi getini.

Alikuwa mlinzi wa hospitali, amevaa sare yake, amebeba kitu kilichokunjwa kwapani. Mtu mpole, ambaye kila siku huniamkia na kuniuliza hali ya pikipiki, nami humjibu nimeiegesha nyuma ya maghala.

"Samahani, Mama, kukufuata mpaka nyumbani. Nimetumwa na matroni."

Akakikunjua alichobeba. Ilikuwa shuka. Imechanika, na kutoka kona hadi kona imepigwa alama ya tairi lenye meno. Nikaujua mshono wa katikati, ni wangu. Mshono haukuachia, kitambaa ndicho kilichochanika pembeni yake. Mtu mwenye aibu naye hakosi kijisehemu cha kujisifu.

"Jana," mlinzi akasema, "pikipiki nyekundu ilikata njia katikati ya uwanja wa kuanikia nguo. Imeangusha kamba zote. Yule mama mfuaji ameanguka, mkono umeteguka. Mwendeshaji hakusimama kumwinua."

Akageuka, akaitazama pikipiki yangu ukutani, iking'aa kwa usafi. Akasoma namba zake huku midomo ikicheza, akatikisa kichwa.

"Namba ndizo hizihizi nilizoziona."

Hapo nikaelewa mngurumo niliousikia nikiwa chini ya shuka.

"Haiwezekani," binti yangu akasema, akija mbele kama wakili. "Jana mama yangu alikuwa mtoni. Mama, mwambie."

Wote wawili wakanigeukia.

Nikimtaja fundi seremala, swali litakuwa: alipanda pikipiki yako akaenda wapi, na wewe wakati huo ulikuwa unapanda nini? Nikisema sijui, ataitwa, na mtu yule akiitwa atasema yote kabla hajaketi. Kisha sanduku la binti yangu litafunguliwa, litiwe nguo zangu.

"Ni mimi," nikasema.

"Mama!"

"Nilipitia hospitali kwanza. Mtoni nilikwenda baadaye."

Mlinzi akakuna shingo. Alikuja kumtafuta mhuni, akapewa bibi.

"Mama, ulikuwa wewe? Maana mimi niliona mtu mwenye koti kubwa na kofia iliyomfunika uso."

"La marehemu mume wangu. Huko juu kuna baridi."

"Na sauti. Alinipigia kelele, 'Samahani, mzee!' Sauti nene."

"Nilikuwa na mafua." Nikakohoa kidogo, kwa ushahidi. Kisha nikauliza, na hili nililiuliza kwa moyo wangu wote, "Huyo mama mfuaji anaendeleaje?"

"Amefungwa mkono, analalamika, ndiyo dalili ya uzima. Hataki makubwa. Anasema aliyemwangusha aje amwombe radhi akimtazama usoni. Matroni naye anataka aliyezichafua shuka aje azifue, basi yaishe."

Kumbe ndiyo hivyo tu. Kufua nafua, radhi naomba. Nikaanza kuuona mlango wa kutokea. Nitakwenda kesho, nitamwangukia mfuaji, nitafua mpaka vidole vichubuke, na nyumba yangu itabaki yangu.

Laiti mlinzi angeaga hapo.

"Ila Mama, wewe ni hodari," akasema, akiikunja shuka. "Nilikuwahi langoni, nikashusha kizuizi. Nikasema, huyu leo nimempata. Ukafunga breki palepale. Ukatua miguu yote miwili chini, wima, imara kama meza, ukanitazama. Kisha ukazunguka kizuizi ukaenda zako. Kijana hawezi vile."

Kuku peke yake ndiye aliyeendelea na shughuli zake.

Binti yangu alikuwa anatazama miguu yangu. Akapandisha macho polepole hadi kwenye kiti cha pikipiki, kile kinachonifika mbavuni. Akayashusha tena. Alikuwapo dukani, na alimsikia yule kijana wa viatu vya ncha kali. Miguu hairefushwi.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, "panda."

"Nipande nini?"

"Pikipiki yako. Usiiwashe. Kaa tu, utue miguu chini kama anavyosema huyu mzee."

"Mbele ya mgeni? Na gauni hili?"

"Jana ulivaa nini?"

"Mimi sitazami," mlinzi akasema, akageukia ukuta kwa heshima zote.

Nikaenda. Nikaushika usukani. Nikainua mguu wa kulia, ukafika kwenye kikanyagio, ukaomba kurudi. Nikauinua tena, gauni likanasa. Nikajitia natengeneza viatu. Na macho yangu, bila kunitaka ruhusa, yakatoroka kwenda bombani.

Binti yangu akayafuata macho yangu.

Akaenda bombani yeye mwenyewe. Akaichukua ile ndoo, akamwaga maji yaliyobaki, akaja nayo. Akaipindua ubavuni mwa pikipiki, taratibu, kama mtu anayemwekea mtoto kigoda.

"Ndoo hii, Mama, niliikuta imepinduliwa kwenye maua siku ileile ilipoletwa pikipiki. Maua yamelala chini. Nikasema moyoni, hapana, mama yangu hawezi kunifanyia hivyo. Nikayainua maua nikayafunga kijiti, nikanyamaza."

Hakuwa analia. Afadhali angelia.

"Jana nikakuomba radhi," akasema.

Akaninyooshea mkono wake, ule uliopangusa tope.

"Panda, nimekushika. Halafu uniambie nani alikwenda mtoni."

Nikaweka mguu mmoja juu ya ndoo.